Rubani wa Kibanda cha Gemu

Soma insha ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.



Huenda unasoma ukurasa huu huku simu yako umeilaza kifudifudi pembeni, na mawazo yako yamelala pamoja nayo. Au huenda mtaani kwenu kuna kibanda cha gemu, na kila bao linapofungwa kelele zinakufikia hapo mezani. Sikuandikii ili nikugombeze. Wa kukugombeza unao wengi, na nina hakika umekwisha kuwazoea. Nakuandikia kwa sababu nami nilikaa hapo ulipokaa, na mwaka niliotakiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne nilipotelea ndani ya gemu ya vita vya anga za juu. Nataka nikueleze ilivyonivuta, maana mtego usioujua ulivyotegwa huwezi kuukwepa. Nataka nikueleze pia ilichonifundisha, kwa sababu kweli ilinifundisha.

Ilikuwa Tanga, mwaka 2002. Nyuma ya soko la Ngamiani palikuwa na kibanda cha mabati chenye televisheni nne za inchi 14 na mashine nne za PlayStation, ile ya kwanza kabisa ya rangi ya kijivu. Mashine moja ilikuwa imechoka hata haikuweza kusoma diski mpaka igeuzwe kichwa chini miguu juu. Mwenye kibanda, ambaye sote tulimwita Fundi, aliigeuza taratibu kama mtu anayegeuza chapati. Wenzangu waliikimbia mashine hiyo. Mimi niliipenda, kwa kuwa wengine walilipa shilingi mia tatu kwa nusu saa, na mwenye kukubali mashine mbovu alilipa mia mbili.

Shilingi mia mbili ndizo nilizokuwa nazo. Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua. Aliamka saa tisa za usiku, akaumua unga, akakaa motoni hadi alfajiri, na kabla sijatoka kwenda shule alinipa shilingi mia mbili nile mchana, ili nibaki shuleni kwa masomo ya jioni. Mchana sikula. Jioni sikubaki.

Wateja wengi wa Fundi walicheza mpira, wawili wawili, kwa makelele. Siku moja nikipekua boksi la diski nilikuta diski mbili zisizo na picha, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: COLONY WARS. Niliuliza ni gemu gani. Fundi akasema, "Hiyo ya ndege za angani. Ya mtu mmoja, tena ina Kiingereza kingi. Hakuna anayeitaka." Nikasema nitaijaribu.

Colony Wars, yaani Vita vya Makoloni, ilitoka mwaka 1997. Ilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Psygnosis ya Liverpool, ambayo Sony ilikuwa imeinunua mwaka 1993. Hadithi yake ni hii: binadamu wametapakaa kwenye nyota za mbali, na Dunia yetu, iliyokwisha kutumia mali yake yote, inaishi kwa kunyonya mali ya makoloni hayo. Mtawala wa himaya hiyo anaitwa Tsar. Makoloni yanachoka, yanaungana na kuasi. Wewe ni rubani upande wa waasi.

Fikiria hadithi hiyo inapomfikia mtoto wa Tanga. Nimekulia katika mkoa ambao mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, na mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka bandarini kwetu kuelekea bara. Kusini yetu kidogo ni Pangani, ambako Abushiri bin Salim alinyongwa mwaka 1889 kwa kuongoza mapambano dhidi ya Wajerumani. Mwalimu wetu wa Historia alipoandika ubaoni neno "malighafi", kwangu lilikuwa neno la kukariri. Nilipoona kwenye kioo cha inchi 14 meli kubwa za himaya zikisomba mali ya watu wengine, neno hilo likapata mwili. Wiki iliyofuata mwalimu aliuliza sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Nilinyoosha mkono nikataja kodi, kazi za kulazimishwa na kilimo cha pamba, tena nikaeleza jinsi zinavyohusiana. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa. Hakujua kwamba kichwani mwangu nilikuwa nimekaa kwenye chombo cha vita.

Sasa nikueleze utamu wenyewe. Watu wazima hudhani kijana huvutwa na milipuko na rangi. Hivyo vinachosha baada ya siku tatu. Kuna vitu vingine vinavyomshika mtu.

Cha kwanza ni jibu la papo hapo. Chombo cha adui kina ngao, na chini ya ngao kuna bodi lenyewe. Silaha ya kuvunja ngao ni moja, na ya kutoboa bodi ni nyingine. Ukianza na silaha isiyofaa unapoteza muda, na adui anakugeukia. Ukianza na ngao kisha ukabadilisha silaha kwa wakati, adui analipuka mbele ya macho yako. Kila ukibonyeza, unaona mara moja kama umepatia au umekosea. Shuleni niliandika insha Jumatatu, ikarudishwa baada ya wiki tatu ikiwa na namba nyekundu na neno "jitahidi". Nijitahidi vipi? Hakuna aliyesema.

Cha pili ni ngazi. Misheni ya kwanza ni rahisi kiasi cha kukufanya ujione hodari. Ya pili inakuongezea kidogo, na ya tatu kidogo tena. Hupewi mlima mzima siku moja. Darasani nilishapitwa na mada ya logariti tangu kidato cha pili, na kila mada iliyofuata ilisimama juu ya ile nisiyoielewa. Kila siku nilipewa mlima.

Cha tatu ni nafasi. Nyumbani tulilala wanne katika chumba kimoja, na nilijua pumzi ya kila mmoja. Ndani ya gemu hapakuwa na juu wala chini. Ungeweza kupinduka, kuzunguka na kupaa kuelekea upande wowote, na pande zote ni nyota. Nikiwa nimebanwa kwenye benchi kati ya watoto wawili wenye jasho, mimi peke yangu nilikuwa na mahali pakubwa kuliko Tanga yote.

Cha nne ndicho kikubwa, na sikukijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kabla ya kila misheni unaelezwa kazi yako: linda msafara huu, shambulia kituo kile. Waasi wanakutegemea. Nyumbani nilikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Shuleni nilikuwa namba 41 kwenye daftari la mahudhurio. Pale, jeshi zima lilikuwa likinisubiri mimi nifike. Mtahiniwa, ukiona huwezi kuiacha gemu fulani, usijiulize ina picha nzuri kiasi gani. Jiulize inakupa nini ambacho hukipati kwingine. Jibu litakusaidia kuliko fimbo.

Lakini gemu hiyo pia ilinidanganya, nami nikalipa. Katika mtihani wa utamilifu, somo la Fizikia, palikuwa na swali kuhusu mwanaanga aliye nje ya chombo chake angani. Chombo kingine kinalipuka mita 1,700 kutoka alipo. Je, atausikia mlipuko? Nilitabasamu. Nilikuwa nimesikia mamia ya milipuko angani, kila siku ya Mungu. Nikaandika kwamba atausikia, na kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde, atausikia baada ya sekunde 5. Hesabu yangu ilikuwa safi, na nilipata sifuri. Sauti inahitaji kitu cha kupitia, kama vile hewa, maji au chuma. Angani hakuna hewa, kwa hiyo hakuna sauti. Chombo kitalipuka kimya kimya kama picha ukutani. Hata ile miali ya leza tunayoiona ikipita kama fimbo za moto ni ya kupendezesha macho tu. Mahali pasipo hewa wala vumbi la kutawanya mwanga, usingeuona mwali unaopita ubavuni pako.

Karatasi ile iliporudishwa niliikunja mara nne nikaitia mfukoni. Sikumuuliza mwalimu kwa nini nimepata sifuri. Kumbuka kitendo hicho, nitakirudia.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike insha hii. Gemu nyingi ukishindwa zinakuambia. Maandishi makubwa yanatokea, mchezo unakwisha, unaanza upya. Colony Wars haikuwa hivyo. Ukishindwa misheni, mara nyingi hadithi iliendelea. Ulipewa misheni nyingine, yenye maelezo yake na adui zake, na ukaruka tena. Njia za hadithi zilikuwa nyingi, na miisho yake pia. Mingine ilikuwa ya ushindi, mingine ya kushindwa. Aliyekuwa akielekea ushindi na aliyekuwa akielekea maangamizi wote walikuwa na kazi ya kufanya, na wote walijiona wanasonga mbele.

Jioni moja, baada ya Magharibi, niliona kivuli mlangoni. Kilikuwa cha mama. Alikuwa amejifunga kanga yake ya kutokea na ameshika kikapu kitupu. Fundi aliinuka haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina kijana wangu humu."

Nilijua leo ni leo. Nilikwisha kuiweka chini ile padi ya kuchezea, lakini mama akaja akaketi kwenye benchi karibu nami. Watoto wakasogea kumpisha.

"Endelea," aliniambia. "Nimekuja kuona."

Niliendelea, mikono ikitetemeka. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu.

"Huyo unayemfuata ni nani?"

"Simfuati, mama. Namlinda. Ni meli ya mizigo."

"Imebeba nini?"

"Sijui."

"Ikilipuliwa?"

"Nitakuwa nimeshindwa. Lakini gemu haiishi. Inaendelea kwa njia nyingine."

"Sasa utajuaje kwamba hiyo njia ni ya kushindwa?"

Nilikaa kimya. Meli ililipuliwa wakati nikitafuta jibu. "Mwanzoni hujui," nilisema mwishowe.

Mama alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Muda wako ukiisha uje nyumbani. Chakula kipo." Akatoka. Hakunipiga, hakuniaibisha mbele ya watu, wala hakutaja fedha. Asubuhi yake alinipa shilingi mia mbili kama kawaida, sarafu zikiwa na vuguvugu na harufu ya mafuta. "Za chakula cha mchana," alisema, akiangalia kikaango.

Ningependa kukuambia kwamba siku hiyo niliacha. Insha nyingi za vitabuni huishia hapo: mtoto analia, anabadilika, anapata Daraja la Kwanza. Mimi jioni ile nilirudi kibandani. Aibu niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, na mahali pekee nilipojua pa kuisahau aibu ni palepale nilipoipatia.

Nilifanya mtihani mwishoni mwa mwaka huo. Matokeo yalipobandikwa nilipata Daraja la Nne. Historia nilipata C. Kiingereza D, pengine kwa sababu ya kusoma maelezo ya misheni huku nikiazima kamusi ya Fundi. Fizikia F. Hisabati F. Mimi ndiye niliyekuwa wa pili kwa Fizikia darasani kidato cha pili.

Baada ya matokeo nilikwenda kibandani, maana sikuwa na pa kwenda. Nikafungua mchezo wangu uliohifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kucheza misheni zilizobaki. Siku hiyo nilifika mwisho. Ulikuwa mwisho wa kushindwa: waasi wamesambaratishwa, makoloni yamerudi mikononi mwa himaya. Nilishangaa. Karibu kila jioni nilikuwa nikiangusha adui, nikijiona shujaa. Nilishindwa lini?

Kwa bahati nilikuwa nimehifadhi hatua za nyuma pia. Kadi zile zilikuwa na vyumba 15, nami nilikuwa nimevitumia vingi. Nikarudi nyuma chumba kimoja kimoja. Nikaikuta njia panda. Ilikuwa ile misheni ya kulinda meli ya mizigo, jioni aliyokuja mama. Tangu pale nilikuwa nikipigana kwa bidii katika vita vilivyokwisha kupotea.

Nilichukua daftari, nikaanza kuandika njia panda zangu mwenyewe. Jaribio la maabara nililolikimbia mwezi wa tano. Zoezi la logariti nililonakili kwa rafiki. Karatasi ya sifuri niliyoikunja mara nne nikaitia mfukoni. Hakuna hata siku moja kati ya hizo ambayo mtu alinipigia kengele. Kesho yake niliamka, nikavaa sare, nikaingia darasani, nikaandika tarehe juu ya ukurasa. Kila kitu kilionekana kinaendelea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ambalo hawakulisema, kwa kuwa walidhani tunalijua, ni kwamba nyumba yenye ufa bado inalalika. Ndiyo maana watu hawauzibi.

Fundi aliniona nikiandika. Akaniuliza nini, nikamwonyesha. Alisoma polepole, kisha akasema, "Dogo, kadi ya kumbukumbu huna. Lakini mtihani unarudiwa." Alinipa kazi: kufagia, kutunza saa za wateja kwenye daftari, kugeuza ile mashine mbovu. Asubuhi kabla ya kufungua, kibanda kilikuwa changu, chenye meza, taa na ukimya. Nilijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nusu ya ada ilitokana na kazi hiyo. Nusu nyingine ilitokana na vitumbua. Hilo sikuweza kulizuia.

Nilisoma kwa namna niliyoijua, namna ya gemu. Sikufungua kitabu na kusema "leo nasoma Fizikia". Hiyo si misheni, hiyo ni bahari. Nilisema "leo, kwa dakika 40, najibu maswali manne ya sauti na mawimbi". Nilipomaliza nilijisahihisha palepale, kabla wino haujakauka, kwa sababu nilijua jinsi jibu la papo hapo linavyomfunza mtu. Kosa nililiandika kwenye ukurasa wa nyuma pamoja na sababu yake. Kosa la kwanza kwenye ukurasa huo lilikuwa mlipuko wangu wa sekunde 5. Kwenye logariti nilirudi hadi mahali ngazi yangu ilipokatikia, kidato cha pili, nikaanza hapo bila haya. Jioni Fundi alikuwa akiniuliza, "Leo umeangusha mangapi?" Nikimtajia idadi ya maswali, alinipa nusu saa ya bure kwenye mashine mbovu. Nusu saa ikiisha alinifukuza kama mteja mwingine yeyote.

Unaona, sikuacha kucheza. Nilibadilisha mpangilio. Zamani gemu ilikuwa mlango wa kukimbilia. Sasa ilikuwa ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika. Ajabu ni kwamba baada ya miezi mitatu hamu yenyewe ilipungua. Nilikwisha kupata kwingine kile kilichokuwa kikinivuta. Palikuwa na mtu aliyesubiri kusikia nimefanya nini.

Matokeo ya pili yalipotoka, Fizikia nilipata C na Hisabati C. Nilimkuta mama uani akichekecha unga. Nikamwambia.

"Hiyo C ndiyo nini?" aliuliza.

"Ndiyo kwamba sasa naweza kwenda mbele na masomo."

Alinitazama kidogo, mikono ikiwa myeupe kwa unga. "Basi endelea," alisema. Lilikuwa neno lilelile aliloniambia kibandani. Sijui kama alilikumbuka. Mimi sijalisahau.

Leo nafundisha Fizikia. Kila mwaka, tukifika kwenye mada ya sauti, ninawauliza wanafunzi swali la mwanaanga na mlipuko. Kila mwaka nusu ya darasa wanasema atausikia, na mimi sicheki.

Mtahiniwa, una majuma machache kabla ya mtihani. Nakuomba utumie mambo matatu niliyoyapata kwa gharama kubwa.

La kwanza, vunja ngao kabla ya bodi. Swali la mtihani nalo lina ngao, nayo ni maneno ya amri: eleza, fafanua, linganisha, taja. Watahiniwa wengi hufyatua kila wanachokijua bila kuangalia neno hilo, na alama haziji. Lipigie mstari kwanza. Ukishajua linataka nini, ndipo uandike.

La pili, jipe jibu la papo hapo. Usikusanye mazoezi kumi ukisubiri mwalimu asahihishe. Jibu swali moja, sahihisha swali moja. Usipokuwa na majibu, badilishana daftari na mwenzako, na kila mmoja amweleze mwingine alipokosea na kwa nini.

La tatu, tafuta njia panda yako. Chukua karatasi za mtihani wa utamilifu ulizozikunja. Zikunjue. Usiangalie jumla iliyoandikwa juu, tazama swali ulilopata sifuri, uende kumuuliza mwalimu. Ataudhika kwa dakika moja pengine. Ukimya wako unaweza kukugharimu mwaka mzima, kama ulivyonigharimu mimi. Na kama unahisi umekwisha kuchelewa, kumbuka kuteleza si kuanguka. Hata katika njia mbaya kuna misheni ya leo, na ukiishinda leo hali ya kesho si ileile.

Kuhusu gemu yako, sitakuambia uitupe. Jiulize tu lile swali la mama yangu. Unapoketi mbele ya kioo ukilinda meli ya watu, je, unajua imebeba nini? Na shilingi zilizokufikisha hapo, unamjua aliyeamka saa tisa za usiku kuzitafuta?

Ukimaliza kusoma, usigeuze ukurasa. Chukua saa, weka dakika 40, na ujibu maswali yafuatayo kabla hujainuka.

Maswali

1. Taja vitu vinne vilivyomvuta mwandishi kwenye gemu. Ni kipi anachokiita kikubwa kuliko vingine, na kwa nini?

2. Kwa kutumia sentensi mbili, eleza kwa nini jibu la mwandishi kuhusu mlipuko lilipata sifuri ingawa hesabu yake ilikuwa sahihi.

3. "Nyumba yenye ufa bado inalalika." Fafanua maana ya kauli hii kwa kuihusisha na maisha ya mwandishi shuleni.

4. Mama alirudia neno "endelea" mara mbili katika nyakati tofauti. Linganisha hali ya mwandishi katika nyakati hizo.

5. Eleza tofauti ya maana kati ya methali "usipoziba ufa utajenga ukuta" na "kuteleza si kuanguka", kisha uonyeshe jinsi zote mbili zinavyoifaa insha hii.

6. Fupisha aya inayoanza na maneno "Nilisoma kwa namna niliyoijua" kwa maneno yasiyozidi 50.

7. Andika insha ya maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 kuhusu njia panda moja katika masomo yako, na hatua unayokusudia kuchukua juma hili.